Homa ya Kila Wiki ya Nne

Kwa miaka sita, binti wa mshonaji alishikwa na homa kila baada ya wiki nne, utadhani wana miadi. Mwili uliwaka moto, tezi za shingo zikavimba, tumbo likamsokota; siku ya tano akaamka anadai chai. Dawa za malaria alikunywa mpaka hesabu ikapotea.

"Wifi, unamdekeza mno huyo," shangazi wa mtoto alisema. Mama aliyameza maneno hayo, lakini hayakushuka.

Aliyeshtuka kwanza alikuwa mpimaji wa maabara ya hospitali, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Siku moja alimwita mama dirishani.

"Dada, mwanao nimempima mara kumi na moja. Vijidudu vya malaria sijaviona hata mara moja. Tarehe za homa unazo?"

Mama alitoa kipande cha karatasi ya kukatia magauni, kimejaa tarehe. Mpimaji alikipeleka kwa daktari wa watoto, akasimama mlangoni mpaka akasikilizwa. Homa iliyofuata ilipopanda, mkojo wa mtoto ulikingwa palepale, ukagandishwa, ukasafirishwa kwenye maabara kubwa. Majibu, pamoja na kipimo cha vinasaba, yalichukua miezi miwili.

"Ndani ya seli kuna vimeng'enya, kila kimoja na kazi yake," daktari alieleza. "Kinachoitwa kinasi ya mevaloneti hupokea asidi fulani na kuibadilisha, ili mwili utengeneze mafuta unayoyahitaji. Cha mwanao ni dhaifu tangu kuzaliwa. Asidi inarundikana, na mwili unajiwasha moto wenyewe."

"Kumbe si mimi?"

"Si wewe, mama. Si kosa la mtu."

Hapo ndipo alipolia, kilio cha miaka sita.

Homa haikukoma kabisa, ila sindano mpya ziliikata makali. Siku ya pili tu ya homa mtoto alikuwa anaruka kamba. Shangazi alikuja na machungwa.

"Wifi, ulimi uliniponza. Nisamehe."

"Yameisha. Kaa tumenye."

Kesho yake mama alirudi kwenye lile dirisha la maabara. Alikuwa amejipangia hotuba nzima njiani, lakini alipomwona mpimaji, aliiacha yote. Akaingiza mkono dirishani. Mpimaji alivua glavu, akaushika kwa mikono miwili.

"Hajambo?"

"Yuko shule, dada. Yuko shule!"

"Jamani," mzee mmoja kwenye foleni alilalamika, "na sisi tunaumwa!"

Wakacheka wote wawili, na mikono haikuachana.