Chombo Kimefika

Kosa lilikuwa neno moja tu, na nililitamka mwenyewe, kwa mdomo wangu huu.

Nilikuwa kazini, duka la kuchapa fulana, nimembana bwana harusi wa watu, picha yake, kwenye mashine ya moto, simu nimeibana kati ya bega na sikio. Dereva wa vifurushi ananiambia: dada, mzigo wako nimeuacha nyumbani, kapokea mama mmoja mchangamfu. Huyo mama mchangamfu ni shangazi yangu. Alikuja kunisalimia mara moja, sasa hivi anawajua majirani zangu kuliko mimi.

Nikamrekodia ujumbe wa sauti chapchap, huku nainua mashine kabla bwana harusi hajaungua: "Shangazi, chombo changu kimefika! Kiweke kabatini na vyombo vingine, tafadhali, jioni kuna mgeni anakuja kukiona!"

Akanijibu kwa kigelegele. Jamani, kigelegele kizima, kwenye ujumbe wa sauti! Hapo ndipo nilitakiwa nishtuke. Wala.

Ngojeni niwaeleze. Mimi nakusanya wanasesere wa mashujaa wa ile filamu ya vita vya angani, wao na vyombo vyao vya kurukia. Siku hizi wanatengenezwa upya kwa mtindo wa zamani kabisa: magoti hayakunji, mikono inapanda na kushuka tu kama mtu anasimamisha gari, macho yamepakwa rangi nje kidogo ya mstari. Kila mmoja yuko kwenye kadi yake, kafunikwa na plastiki. Ubaya wao ndio utamu wao. Ninaye Jenerali Kipara, ninaye Roboti Mnene, ninaye yule adui mwenye kofia kama sufuria. Ninavyo na vyombo viwili vidogo vya doria. Wote wamejipanga kwenye kabati la vioo sebuleni. Ninayemkosa ni Rubani. Sasa bila Rubani, wale wote si jeshi, ni abiria wa stendi.

Rubani wa ziada anaye Fundi Saa. Huyu kazi yake kutengeneza saa, na kwenye kundi letu la simu hakuna mkali kama yeye. Hajawahi kufungua paketi hata moja. Boksi analishika kwa glavu! Tulikubaliana hivi: mimi nimtafutie Chombo Kikuu, boksi likiwa limefungwa vilevile, hata gundi isiguswe, yeye anipe Rubani. Nilikisaka hicho chombo mpaka simu ikawa inachemka mkononi. Nikakosea hapa, Rubani ndo basi tena.

Jioni nafika nyumbani, nafungua mlango, Fundi Saa ameshakaa kwenye kochi. Wima kama mwanafunzi siku ya mtihani. Mfuko wake uko mapajani, glavu mikononi, chai iko mbele yake, hajaigusa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti." Sauti kama ya mtu aliyefiwa.

Nikatupa macho kabatini. Hakuna boksi. "Shangazi! Chombo kiko wapi?"

"Si hicho hapo mbele yako! Macho umeyaacha kazini?"

Nikaangalia sinia. Kati ya chupa ya chai na vikombe, Chombo Kikuu kimetua. Kinang'aa balaa. Stika zote zimetoka. Kifuniko cha rubani kiko wazi, ndani imejaa sukari, na pale anapokaa mpiga mizinga kimechomekwa kijiko.

 Shangazi akadakia kwa fahari:

"Nimekiosha kwa maji ya moto, maana vitu vya dukani huwezi kujua nani kashika. Kina pembe pembe nyingi, nikasugua na mswaki. Cha siagi hiki au cha sukari? Nikasema potelea mbali, cha sukari. Mwanangu, umenifurahisha! Kila siku nakupigia kelele, msichana mzima huna hata bakuli, sukari unachota kwenye mfuko kama mchwa. Leo umenunua chombo!"

"Shangazi, hicho ni chombo cha anga!"

"Cha anga, cha jikoni, si kina mfuniko?"

Fundi Saa akasogeza kikombe pembeni polepole. "Binti, tulikubaliana kilichofungwa."

"Fundi, naomba unisikilize…"

"Kilichofungwa."

"Kaka yangu," shangazi akaingilia, "kilichofungwa unakitumiaje?"

 Fundi akachukua mfuko wake, akasimama.  Naona Rubani anaondoka na mguu wa kulia wa Fundi, na mguu wa kushoto, mpaka kwenye mlango kabisa. Halafu akageuka.

"Kumbe kifuniko kinafungukia nyuma?"

"Ndiyo, nyuma."

"Na kiti kikoje? Kina nafasi ya miguu?"

Nikaelewa! Kwenye kundi letu kuna ugomvi hauishi: je, Rubani anaenea kwenye kiti chake, na magoti yale hayakunji? Wengine wanasema anaenea, wengine wanasema kiwanda kilitupiga changa la macho. Watu wametukanana, watu wamejitoa kwenye kundi. Na hakuna anayejua, kwa sababu wenye vyombo wote hawafungui!

"Mjaribu," nikasema.

"Siwezi."

"Mwenye mtoto wake anaogopa," shangazi akasema. "Lete mimi nimtoe."

"Usimguse!" Fundi akaruka. Akatoa Rubani kwenye mfuko, akamtazama ndani ya plastiki yake, akavua glavu moja, akavaa tena, akavua zote. Akatoa kisu chake kidogo cha kufungulia migongo ya saa. Plastiki ikalia kwaaa! Naye akafumba macho kama anang'olewa jino.

Rubani akatoka. Fundi akamshika kwa vidole vitupu, akamwinua mkono, akamshusha. Akamwinua tena. Akacheka! Sijawahi kumsikia yule mtu akicheka, anacheka kama mlango usiotiwa mafuta.

Akamkalisha. Hakukaa. Miguu imetoka mbele imenyooka kama ya maiti. "Kiwanda kilitupiga," akanong'ona.

"Msimamishe," shangazi akasema. "Mchomeke kwenye sukari."

Akamchomeka. Sukari imeshika maji, maana shangazi kuosha anajua, kukausha hajui, imeshikamana kama udongo. Rubani akazama mpaka kiunoni, akasimama wima, mkono juu, anatazama mbele. Kwa mara ya kwanza alionekana anaendesha kitu.

Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi: "Anaingia. Ila kwa sukari." Simu ikaanza kutetemeka mezani kama imepata homa.

Fundi akajaribu kumtoa. Akavuta. Bega likalia tii. Akaacha hapo hapo. "Nikivuta, mkono utabaki kwangu." Akaniuliza kwa aibu: "Boksi la chombo lilitupwa?"

"Litupwe boksi zuri vile?" shangazi akashangaa. Akaenda jikoni, akalivuta kutoka chini ya mguu mfupi wa meza.

Fundi akavaa glavu. Akalipokea kama mtoto mchanga, akanyoosha pembe, akalipuliza vumbi. Na kadi ya Rubani akaiweka ndani yake. "Basi, tumemalizana. Rubani abaki na chombo chake."

Akaondoka anachekacheka. Shangazi akamsindikiza kwa macho mpaka akapotea.

"Kwa hiyo yule anakusanya maboksi matupu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na mimi nilikuwa naona wewe ndiye una matatizo." Akatazama sinia. "Haya, sukari yangu sasa iko wapi?"

Nikamtazama Rubani wangu. Wangu! "Usijali. Kesho nanunua bakuli."

Kigelegele alichokipiga, jirani akatoka nje kuuliza nani kaolewa.