Subiri Maji Yatulie

Mwaija hakutaka picha za mashua. Tuseme hilo mapema, maana mwanawe Mustafa alipigwa changa la macho mchana kweupe, na ndevu zake zote akaamini.

"Ukifika Pangani usigeuze," alimwambia, akipepeta choroko uani kwake Sindeni bila kuinua uso. "Shuka mpaka Kipumbwi. Pale bahari inapoingia kwenye mikoko, asubuhi maji yanatulia mpaka unajiona meno. Piga ngalawa zote zilizofungwa pale. Zote, usiache hata moja."

"Kipumbwi si kwenu, mama? Si kwa mama mkubwa Tatu?"

Ungo ukasimama.

"Nimekutuma ngalawa. Usiulize mtu, usimtafute mtu. Piga, ondoka."

"Haya, mama. Yasiwe makubwa."

Mustafa alikuwa na studio yake Korogwe mjini, karibu na stendi. Siku zote ni pasipoti na harusi, harusi na pasipoti, mpaka mwenye nyumba moja mpya ya wageni alipomwambia anataka picha kubwa za ukutani: vyombo vya baharini na sura zake majini, ili msafiri aliyekula vumbi siku nzima akilala aone kitu cha baridi. Mustafa alifurahi kama amepewa mke. Alipanga kuanzia Tanga, apite Kigombe, afike Pangani, arudi. Kipumbwi iliongezwa na mama yake, na sasa mnajua iliongezwaje.

Mwaija alichokitaka kilikuwa kimoja tu: kujua kama dada yake yu hai.

Wakati wa palizi ya vuli, Elina, yule mama anayeleta papa mkavu siku ya gulio, alikuwa amesema hivi hivi tu, kama mtu anayeongelea mvua: "Kule Kipumbwi nimepita kwa kina Tatu, nimekuta turubai limefungwa na watu wamejaa. Gari lilikuwa linaondoka, sikuwahi kuuliza ni nani." Mwaija alichukua kipande cha papa, akakigeuza, akakinusa, akasema hakikukolea chumvi, akaondoka zake. Jamani! Mtu anaambiwa kwa dada yake kuna msiba, yeye anajibu habari za chumvi! Lakini alipofika nyumbani alijifungia ndani, akajiziba mdomo kwa kanga, akalia mpaka kichwa kikamuuma. Kesho yake alikwenda shamba kama kawaida.

Simu alikuwa nayo. Namba angeipata kwa huyo huyo Elina, gulio lililofuata. Ila kuuliza kulimshinda. Kila Elina alipotandika samaki wake, Mwaija alipitia upande wa wauza nyanya. Palizi ikaisha, masika ikaja, mahindi yakavunwa, naye bado hajui kama amlilie dada yake au aendelee kumnunia.

Kununa kwenyewe kulianza zamani. Mama yao aliugua, Tatu akamuuguza peke yake, usiku na mchana. Taarifa ilipofika Sindeni ilikuta mvua za kwanza zimeanguka, na Mwaija akasema ngoja nimalizie hiki kipande cha kupanda, niende na moyo mweupe. Akamalizia. Alipofika Kipumbwi, Mustafa yuko mgongoni, kaburi lilikuwa limeshamwagiwa maji. Tatu alimsimamia mlangoni, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akageukia waliokuwa ndani: "Mgeni kaja, mpeni kiti."

Mgeni! Katika nyumba aliyotambaa! Mwaija hakukaa. Aligeuka na furushi lake mkononi, akarudi bara siku ile ile. Angetukanwa tusi zima zima angerudisha na yangeisha. Lakini Tatu alikuwa na haki ya kukasirika, na Mwaija alilijua hilo tangu pale mlangoni, na ndicho kilichouma.

Sasa, kama Tatu angalipo, hesabu ya Mwaija ilikuwa nyepesi. Tangu aolewe na Mwinjuma, Tatu hakukosa asubuhi hata moja kwenda ufukoni kuipokea ngalawa ya mumewe. Mustafa akipiga ngalawa, atampiga na Tatu. Mwaija ataona, roho itatulia, na hakuna mtu atakayejua kwamba aliuliza.

Siku aliyorudi, Mustafa alishuka kwenye bodaboda amebabuka pua kwa jua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leta simu nione."

"Hata maji ya kunywa, mama?"

"Mtungi unaujua ulipo. Leta simu."

Alikuwa ameshazihamishia picha kwenye simu. Wakakaa kwenye mkeka, Mustafa akaanza kufungua moja moja na kila moja na hadithi yake. Hizi za Tanga, alfajiri. Hii ya Kigombe, tazama, mashua moja lakini unaona mbili, moja imesimama na nyingine imelala chini yake, kamba kwa kamba. Ile ya Pangani alikaa kwenye tope mpaka magoti ndipo upepo ukakubali kukata.

"Nzuri. Songa mbele."

"Hii hujaitazama, mama."

"Nimeitazama, ina mashua. Songa."

Zikafika za Kipumbwi. Mwaija alizijua kabla ya kuambiwa. Ile mikoko, ule mchanga mweusi mweusi, lile jiwe walilokuwa wakisugulia miguu. Ngalawa nyekundu, haina mtu. Ngalawa mbili zimefungwa pamoja, hazina mtu. Alipoona ya tatu, ya nne, zote tupu kama siku ya kiyama, uvumilivu ukamwisha.

"We Mustafa! Watu wako wapi?"

"Niliwaondoa."

"Uliwaondoa?"

"Niliwaomba wapishe. Watu wanaharibu maji, mama. Mtu akikanyaga tu, sura ya chombo inavunjika yote."

"Watu wanaharibu maji! Na hizo ngalawa zilichongwa na nani, majini? Nakutuma Kipumbwi, kijiji kizima, unaniletea mbao!"

Mustafa akacheka. Alipoona mama yake hacheki, akaacha. Hakuelewa kosa lake, maskini, kwa kuwa alitumwa ngalawa na ngalawa ameleta.

"Imebaki moja," alisema kwa upole. "Hii ndiyo bora kuliko zote. Itakwenda ukuta wa mapokezi."

Ilikuwa ngalawa ya kijani yenye mstari mweupe. Mustafa alikuwa ameikata juu ili apate maji mengi, basi chombo kilionekana nusu tu, na sura yake ikajaa chini, kijani ndani ya kijani. Maji yalikuwa kimya kabisa. Na chini kabisa ya picha, kichwa chini miguu juu, palikuwa na mtu.

"Huyo asikusumbue," Mustafa alisema. "Alijibanza nyuma ya chombo, mimi nikadhani ametoka. Nitamfuta kwenye kompyuta."

"Utamfuta nani?"

Alimnyang'anya simu. Akaigeuza ili amwone yule mtu vizuri, na picha nayo ikajigeuza. Akaigeuza tena, ikajigeuza tena. "Ina kichaa hii!" Mwishowe aliilaza mkekani, akapiga magoti, akainamisha kichwa mpaka ushungi ukaanguka, akatazama kwa kupindua shingo yake mwenyewe.

Mwanamke mzee. Mkono mmoja ameegemea ngalawa. Amesimama kwa mguu mmoja, na wayo wa mguu wa pili ameubandika kwenye goti, kama ndege wa majini. Wazee wa Kipumbwi walimpigia kelele kwa kusimama hivyo tangu ana meno ya utoto, na mama yao alimchapa kwa ajili hiyo, na hakuacha.

"Yu hai," Mwaija alisema. Machozi yalimtoka palepale, akaacha yatoke. "Tatu yu hai. Mwanangu, yu hai dada yangu."

Mustafa naye aliinamia simu. "Yule bibi ndiye mama mkubwa?"

"Alisema nini? Niambie kila kitu, usiruke neno."

Mustafa akajikuna shingo. "Nilipomwomba asogee alikataa. Akasema, hiki chombo cha marehemu mume wangu, nisogee niende wapi?"

Basi turubai lilikuwa la Mwinjuma. Mwaija alifumba macho. Tatu amekaa eda yote, ametoka eda, na mdogo wake yuko Sindeni anapitia upande wa wauza nyanya ili asiulize. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Halafu?"

"Halafu akawa ananitazama sana. Akaniuliza, wewe mwana wa nani? Nikamwambia mimi mpiga picha, natoka Korogwe. Akasema sikuulizi kazi. Mama yako nani?"

"Ukamjibu nini?"

Mustafa alichezea nyuzi za mkeka.

"Mustafa, nakuuliza. Ukamjibu nini?"

"Upepo ulikuwa ndiyo kwanza unakata, mama. Nikamwambia, subiri maji yatulie, nitakujibu."

"Ukamjibu?"

"Yalipotulia nikapiga. Kisha maji yakaanza kujaa, nikakimbilia pikipiki." Sauti ilimpungua. "Na wewe ulisema nisimtafute mtu."

Mwaija angemgombeza kama angepata pa kuanzia. Kila alipotafuta kosa la kijana alikuta ni maneno yake mwenyewe, aliyoyasema kwa kinywa chake juu ya ungo wa choroko. Alimwona Tatu amesimama nyuma ya ile ngalawa kwa mguu mmoja, mzee, peke yake, akingoja maji yatulie ili aambiwe jina moja.

"Aliniletea na kiti," Mustafa aliongeza, kama mtu anayetafuta la kumfariji mamaye. "Alikwenda mwenyewe mpaka nyumbani kwake, akanibebea. Akasema utasimama mpaka lini, baba, kaa."

"Ukakaa?"

"Nilikipanda juu, nipate ngalawa vizuri."

Mwaija alicheka na kulia kwa pamoja, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Kisha alinyanyuka, akaingia ndani. Mustafa alisikia sanduku likifunguliwa, na mama yake alipotoka alikuwa amebeba furushi, baibui liko begani.

"Gari la Korogwe linapita saa ngapi?"

"Leo hii, mama? Nipe namba ya mtu wa kule, tupige simu kwanza."

"Simu ya nini? Ameuliza uso kwa uso, atajibiwa uso kwa uso."

Mustafa alisimama, akavaa viatu vyake alivyovivua punde tu. Alimjua mama yake, lakini na ile habari ya mlangoni aliijua pia, maana alilelewa nayo.

"Na akisema tena, mgeni kaja, mpeni kiti?"

Mwaija alikuwa ameshafika njiani. Alihamisha furushi kutoka mkono huu kwenda mwingine.

"Basi mwanangu, safari hii nitakaa."