Kidonge Kabla ya Sala

Ijumaa, tarehe 8 Juni 1956, Kikwajuni kulikucha kwa rasharasha na upepo wa kusi uliopenya hadi chini ya mashuka. Msabah Duni, fundi wa makubadhi, aliamka akiwa na kidonge kimoja kilichobaki katika kichupa chake, na furaha ambayo hakutaka ionekane. Siku ile, baada ya sala ya alasiri, watu wa msikiti wa mtaa walikusudia kumfanya imamu wao.

Cheo hakukiomba. Maalim Zahor, aliyewasalisha miaka kumi na tisa, alihamia Pemba kwa binti yake, na nafasi ikabaki wazi. Kwa kisomo, aliyestahiki ni Shamsi, muuza viungo, ambaye kila herufi ya Qur'ani ilitoka kinywani mwake mahali pake hasa. Ila Shamsi alikuwa na mzaha, na aliwahi kuwachekesha watu makaburini. Kisomo cha Msabah kilikuwa cha kawaida. Kilichomwinua ni jambo moja tu: alikuwa akitetemeka katika sala.

Watu waliiita khushui, yaani ule unyenyekevu wa moyo unaomfanya mtu asimame mbele ya Mola wake akasahau nani yuko kulia na nani yuko kushoto. Msabah alikuwa ameiomba miaka ishirini. Kila alipofunga sala alijikuta anawaza ngozi, gundi, na mguu wa mteja wake mmoja uliokuwa mpana kupita kiasi. Akitoa salamu huinua mikono akaomba: Mola wangu, nijaalie moyo unaotetemeka unapotajwa. Moyo haukutetemeka. Ulikaa kifuani umetulia kama lile gogo lake la kukatia ngozi.

Kisha ikaja pumu. Alikuwa nayo tangu utotoni, lakini masika ya mwaka ule ilimjia kwa hasira. Siku moja ya mwezi wa Aprili ilimkamata barazani, msharasi wa kutobolea ngozi mkononi, mabega yakapanda hadi masikioni, midomo ikabadilika rangi. Majirani wakampakia kwenye gari la hamali, juu ya magunia ya mbata, wakamkimbiza kwa Nahodha.

Nahodha alikuwa dresa, msaidizi wa tabibu, ingawa mtaa mzima ulimwita dokta. Alimwuliza mara mbili kama ana maradhi ya moyo, akavuta dawa ya adrenalini kwenye bomba la sindano, akaingiza kidogo chini ya ngozi ya mkono. Akasubiri, kidole chake kikiwa kwenye mshipa wa Msabah, kisha akaingiza kidogo tena. Msabah alisikia kifua kinafunguka kama mlango uliokuwa umevimba kwa mvua. Mara moyo ukaanza kwenda mbio, mikono ikatetemeka, jasho likamtoka, na hofu kubwa ikamshukia asijue ya nini. Nahodha alimweleza kila kitu: dawa hii inafanya hivi na hivi, usiogope, na hivi vidonge vya efedrini umeze kimoja kifua kikianza kubana. Alieleza vizuri sana. Msabah wakati huo alikuwa anapiga shahada kwa mara ya saba na hakusikia ila mwisho, pale pa kifua kubana.

Na kifua chake kilikuwa kikibana zaidi katika kusujudu. Kwa hiyo akaona bora ameze kidonge nusu saa kabla ya kwenda msikitini, apate kusujudu kwa raha. Wiki ya kwanza tu, katika sala ya alasiri, moyo ulimpiga kishindo. Vidole vikatetemeka juu ya magoti. Msabah alilia katika sijda ya mwisho. Miaka ishirini, na hatimaye amejibiwa.

Aliyekuwa kando yake ni Bwana Nasser, msimamizi wa msikiti, mtu mzito wa maneno, ambaye babake ndiye aliyeutoa wakfu ule msikiti. Bwana Nasser alisikia mkeka unatikisika. Hakusema kitu siku ile, wala ya pili. Siku ya tatu aliwaambia watu kuwa amesali safu ya mbele miaka arubaini na hajapata kusimama karibu na mtu wa namna hii. Baada ya hapo wanawake wakawa wanamletea Msabah chupa za maji awasomee, na mteja wake wa mguu mpana akaacha kulalamika.

Basi asubuhi ile ya Ijumaa alikwenda kwa Nahodha kutaka vidonge vingine. Kwenye benchi la nje alimkuta Bi Mashavu wa Jang'ombe, naye mgonjwa wa pumu, ambaye ulimi wake ulijulikana hadi Mwembeladu. Alikuwa ameshachomwa sindano, na sasa alikuwa akimtukana muuza samaki mmoja asiyekuwepo, yeye na mizani yake. Msabah akamwamkia, shikamoo, Bi Mashavu akaitikia marahaba mwanangu, akaendelea na muuza samaki. Mikono yake ilitetemeka mpaka bangili zikalia. Msabah aliitazama ile mikono kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Ndani, Nahodha akafungua daftari la wagonjwa na kuanza maswali yake ya siku zote. Kinywa kinakauka? Msabah akasema kinakauka, lakini ni kwa wingi wa dhikri. Nahodha akaandika.

"Usingizi?"

"Alhamdulillahi, dokta, siku hizi nnaamka usiku kusali."

"Unaamka, au hulali?"

Msabah akafikiri. "Silali."

Nahodha akaandika tena. Akauliza juu ya moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, na Msabah, kwa sauti ya chini ya mtu anayetaja neema, akasema hayo yote anayapata, ila humjia msikitini tu. Nahodha akauliza humeza saa ngapi. Msabah akamwambia. Nahodha akaweka kalamu chini.

"Sikiliza, Msabah. Ukikutana na mbwa mkali njiani, mwili wako haukungojei wewe uamue. Moyo unakwenda mbio, pumzi zinafunguka, mate yanakauka, mikono inatetemeka. Iko mishipa ya fahamu yenye kazi hiyo. Hiki kidonge kinaiamsha mishipa hiyohiyo, bila ya mbwa."

"Bila ya mbwa."

"Naam. Sisi tunachotaka ni pumzi zifunguke. Hayo mengine yanaingia pamoja nazo. Hatuwezi kuyazuia mlangoni."

Msabah akauliza kama inawezekana, kwa mtu mmoja mmoja, mtetemeko ukawa na sababu nyingine. Nahodha, ambaye naye ni mtu wa sala, akajibu kuwa linalotoka kwa Mungu yeye hana bomba la kulipimia. Ila kama Msabah anataka kujua, njia ni nyepesi: kifua leo kiko wazi, basi akasali Ijumaa bila ya kumeza. Akampa vidonge vipya, akamwambia tangu leo ni nusu tu, na asimeze baada ya magharibi, apate kulala. Nje bangili za Bi Mashavu zilikuwa bado zinalia.

Msabah alisali Ijumaa bila ya kumeza. Alisimama katika msikiti mkubwa wa Ijumaa, kati ya mamia ya watu, akafumba macho, akajihimiza, akangoja. Katika rakaa ya kwanza aliwaza gundi. Katika ya pili ukamjia ule mguu.

Alirudi nyumbani akakaa juu ya kibao chake cha kazi na kumwambia mkewe, Mwanamkasi, habari yote. Mwanamkasi alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Nshajua, Baba Wanu. Juzi ulitetemeka ukila muhogo."

Msabah akataka kujua kwa nini hakumwambia. Mwanamkasi akatupa kijiwe uani na kusema kuwa tangu wameoana hajapata kumwona amefurahi wiki sita mfululizo, na hakuona sababu ya kuiharibu kwa muhogo. Kisha akamwuliza sasa atafanya nini. Msabah akasema anaweza kunyamaza. Watu wanamtaka, dawa ni halali, na yeye hakumdanganya mtu kwa kusudi. Mwanamkasi akasema hayo ni kweli. Akaendelea na mchele. Msabah akaona kuwa kukubaliwa haraka namna ile kulimtia dhiki kuliko kama angegombezwa. Akatoka kwenda kutawadha.

Alasiri msikiti ulijaa. Walikuja hata watu ambao kwa kawaida alasiri huwakuta vibarazani. Mkeka mpya ulikuwa umetandikwa, na birika kubwa la kahawa limewekwa tayari ukumbini pamoja na sahani za kashata. Msabah hakumeza, wala ile nusu. Akasali kama alivyosali miaka ishirini, na Bwana Nasser, kando yake, akatega sikio mkeka utikisike. Haukutikisika. Baada ya salamu Bwana Nasser alimtazama kidogo, kama mtu aliyenunua saa ikasimama, kisha akainuka kusema aliyokusudia kusema.

Msabah akamwomba ruhusa atangulie yeye. Akasimama. Kifua kilikuwa kimeanza kulia, kikipiga mluzi mwembamba ambao safu ya mbele wote waliusikia, na ikambidi aseme maneno machache machache.

Akawaambia juu ya kidonge. Akawaambia kuwa kinakausha kinywa na kuondoa usingizi, kuwa mikono hutetemeka vilevile kwa Bi Mashavu akitukana watu, na kuwa leo amesali mara mbili bila ya kumeza na hakusikia kitu. Alijaribu kueleza habari ya mbwa, lakini pumzi zikamwishia katikati.

"Mbwa gani?" akauliza mzee mmoja nyuma.

"Hakuna mbwa," akasema Msabah. "Ndiyo maana yake."

Msabah akachukua nusu kidonge mfukoni, akakimeza mbele yao kwa maji ya kata, akakaa chini kungoja pumzi. Bwana Nasser alikuwa amekunja uso. Uimamu wenyewe haukumuuma sana. Kilichomuuma ni zile wiki sita alizowasifia watu mtikisiko wa mkeka.

Akamgeukia Shamsi na kusema kwa unyonge kuwa basi jambo limerudi kwake. Shamsi hakuinuka.

"Bwana Nasser, mimi mwezi mzima nnajifunza kutetemeka mbele ya kioo. Nilipomwona huyu anapendwa, nikasema na mimi niwe nao huo mtetemeko. Mke wangu aliniuliza kama nna homa."

Watu wakacheka, na Shamsi mwenyewe hakucheka, jambo ambalo halikuwa limeonekana kabla. Yule mzee wa nyuma akakohoa na kusema kuwa, maadamu tumefika hapo, naye wiki iliyopita alitikisa bega kidogo, ila hakuna aliyeona.

Bwana Nasser akaupapasa mkeka kwa kiganja. Kahawa ilikuwa inapoa. Mwishowe akasema kuwa yeye leo hajui tena nani anatetemeka kwa lipi, ila katika msikiti huu inaonekana ni mmoja tu aliyekwenda kuuliza. Akauliza kama wako wanaompinga Msabah. Hakuna. Shamsi akasema atamrekebishia matamshi, kwa sharti asimeze kabla ya somo. Bwana Nasser akasema yeye ana sharti lake: Msabah aahidi kutoficha habari ya kidonge, na aahidi kwa sauti, watu wote wasikie.

Msabah akainuka. Dawa ilikuwa imeshafika. Mluzi umekatika, na vidole vyake vimeanza kucheza. Akavificha nyuma, kisha akavitoa mbele kila mtu avione.

"Nnaahidi mbele yenu nyote, na Mwenyezi Mungu ni shahidi. Nikikusalisheni nikatetemeka, nikishatoa salamu nitakuambieni kama nimemeza."

"Na kama hukumeza?" akauliza Shamsi.

Msabah akafikiri.

"Nikitetemeka na sikumeza," akasema, "naahidi sitamwambia mtu."