Mwisho wa Katuni ya Mbu

Wakusanyaji wa filamu kuukuu wana mambo yao. Mkebe ukifunguliwa, pua hutangulia, maana filamu inayooza hunuka siki. Na ukipata nakala ambayo hakuna mwingine aliye nayo duniani, huichezeshi ng'o. Unaifungia kabatini na kuwaringia wenzako.

Harlan Vosburgh wa Toledo alikuwa hivyo hivyo. Katuni yake ya wakati wa vita, iliyotengenezwa kuwafunza wanajeshi habari za mbu, alikaa nayo miaka kumi na mmoja bila kuiona hata mara moja. Hamu ilimuua, lakini filamu ilikuwa imesinyaa, na meno ya projekta yangeichana.

Jumamosi moja mchana akabishiwa hodi na mzee Emmett Dufresne, aliyesoma habari za katuni hiyo kwenye jarida la wakusanyaji.

"Niliiona melini, mwaka arobaini na nne," alisema hata kabla ya kuketi. "Jogoo kavaa kofia ya chuma, mbu anamwandama. Tulicheka mpaka mbavu zikauma! Halafu ikakatika, karibu kabisa na mwisho. Alfajiri tukashushwa ufukweni. Kwenye benchi letu tulikuwa sita. Nimerudi mimi tu."

Harlan akamvutia kiti.

"Wamekufa hawajaona mwisho," mzee akaendelea. "Miaka hamsini na nne jambo hilo linanikereketa. Upuuzi, eti?"

"Mzee wangu, ikipita kwenye mashine, ndiyo basi tena."

"Na mimi je? Nina miaka mingapi iliyobaki?"

Harlan akanusa mkebe. Siki tupu. Hata kabatini ingeoza, tena bila kuonwa na mtu. Akavuta pazia, akawasha projekta.

Jogoo akatokea ukutani, akapiga chafya, akatumbukia kwenye sufuria ya maharage. Nyuma ya mashine filamu ilianguka sakafuni vipande vipande. Harlan aliisikia ikichanika na moyo ukamuuma, lakini macho hakuyabandua. Mbu akanoa mdomo kwa tupa. Jogoo akajifunika chandarua, akakoroma. Yakaja maandishi: TUMIA CHANDARUA. Ukuta ukabaki mweupe.

"Ndiyo hiyo tu?" Harlan aliuliza, aibu imemjaa kana kwamba katuni ameichora yeye.

Mabega ya mzee yalikuwa yakitetemeka. Harlan alidhani analia, kumbe anacheka, machozi yanamtiririka.

"Mwisho mbovu kama nini!" akasema. "Jamani, wale vijana hawakukosa kitu."