Gundi ya Fundi Haivuji

Wateja wake walimwita Fundi Haivuji, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi bomba. Akikufungia koki leo, hutamwita tena kwa koki hiyo mpaka nyumba ibomolewe, na yeye mwenyewe ndiye angekuwa wa kwanza kukwambia hivyo. Alikuwa na msemo wake mmoja ambao mkewe alishauchoka: kinachocheza, kitavuja. Aliusema juu ya mabomba, juu ya viti vya wageni, na hata juu ya ndoa za majirani.

Mtu wa namna hiyo usimwache peke yake chumbani na roketi ya mtu.

Roketi yenyewe ilikuwa ya binti yake, mwanafunzi wa sekondari, mwembamba hata nyumbani wakambandika jina la Kijiti. Klabu ya sayansi ya shule ilikuwa imewagawia wanafunzi vifurushi vya roketi za kujifunzia: bomba la karatasi ngumu, mapezi ya mbao nyepesi kama biskuti, kofia ya plastiki iliyochongoka, mwavuli wa nailoni na uzi wa mpira wa kuushikilia. Kijiti aliiunda juu ya meza ya sebuleni jioni baada ya jioni. Alisugua mapezi kwa msasa, akayagundisha moja moja, akayashikilia huku amebana pumzi. Baba yake alipita nyuma yake akimwaga ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

"Baba, niachie bwana. Nataka niifanye mwenyewe."

"Kwani mimi nimegusa? Natazama tu."

Mwalimu wa fizikia alikuwa ameahidi kwamba roketi itakayopaa na kushuka salama kwa mwavuli wake, mwenye nayo ataingia kwenye timu ya shule itakayokwenda kwenye mashindano. Kijiti aliitaka nafasi hiyo mpaka akaogopa kuitaja. Ukimuuliza, alikujibu "tutaona tu," halafu akarudi kwenye msasa wake.

Asubuhi ya siku ya kuzirusha mbele ya wazazi, Kijiti alikunja mwavuli, akausokomeza ndani, akaijaribu kofia, akaridhika, akaenda kuoga. Baba akapata mwanya wake. Aliinua roketi kwa kofia, kama unavyoinua birika kwa mkono wake, na kofia ikamfuata peke yake, bomba likabaki mezani.

Moyo ulimpasuka. Kazi nzuri namna ile, halafu kichwa kinacheza! Mbele ya shule nzima! Hakutaka kumwita mtoto akamvunja moyo siku kama ile. Alichukua kopo lake la gundi ya mabomba, ile ambayo ikishika hata msumeno unalalamika, akaipaka shingo ya kofia, akaizungusha kidogo kama inavyotakiwa, akaishikilia mpaka ikatulia. Karatasi ya maelekezo ilikuwa palepale chini ya mkasi. Hakuisoma. Tangu lini fundi akasoma maelekezo? Aliondoka sebuleni akipiga mluzi, ameridhika kama baba aliyefanya jambo la siri la mapenzi.

Uwanjani wazazi walipangiwa viti. Fundi alikalishwa karibu na mkuu wa shule, mteja wake, aliyefungiwa naye tangi la maji hivi karibuni. Mbele kidogo, kwenye ufito wa chuma, roketi ya Kijiti ilisimama ikisubiri, na mwalimu wa fizikia akawaeleza wageni kwa kipaza sauti.

"Ikifika juu kabisa, injini itapuliza kwa ndani. Ule mpulizo unaisukuma kofia, kofia inachomoka, mwavuli unatoka. Ndiyo maana kofia haigundishwi hata kidogo. Inabana tu, kiasi cha kutoka."

Fundi alishika mikono ya kiti ili asimame. Wakati huohuo mkuu wa shule akamgeukia mgeni wa upande wa pili, akamwambia kwa sauti, "Huyu ndiye fundi wangu. Mkono wake haujawahi kukosea." Wageni wakamtazama kwa heshima. Fundi akatabasamu. Akaachia mikono ya kiti.

"Kofia umeijaribu?" mwalimu alimuuliza Kijiti.

"Nimeijaribu asubuhi, mwalimu. Inatoka vizuri."

Pale pia angeweza kusimama. Neno moja tu lilitosha: subirini. Lakini alijiambia kwamba baruti ni baruti, haishindwi na gundi, na gundi ikishinda, nani atajua ni yake? Aliona haya, na haya hiyo haikuwa ya kumwogopea mtoto, ilikuwa ya kujiogopea mwenyewe. Hilo alilijua palepale, na bado alikaa.

Kijiti akabonyeza kitufe. Roketi ikafoka, ikaruka, ikapanda imenyooka ikiacha moshi mwembamba, na watu wote wakasema "Aaah!" kwa pamoja. Ilipofika juu, mlio mdogo ulisikika. Kofia haikutoka. Roketi ikageuza pua, ikaanza kurudi.

Watu walitimua mbio, viti vikapinduka. Roketi ilijichoma ardhini kando ya kiti ambacho mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ametoka kukiacha. Mtoto akaanza kulia, na mama yake akamshusha mgongoni, akamkagua mwili mzima.

Hofu ya mwalimu ikageuka hasira. Aliichomoa roketi, akavuta kofia, akavuta tena. "Hii imegundishwa! Nani kaigundisha?"

Kijiti aliipokea. Akavuta, akatazama shingo ya kofia, akainusa. Alikuwa amekua na harufu ile. Ilirudi nyumbani kila siku kwenye nguo za baba yake. Akainua macho kuelekea kwenye viti, akamwona, akayashusha.

"Mimi, mwalimu."

"Si umesema umeijaribu?"

"Nilidanganya."

Mwalimu akasema, sasa kwa sauti ya chini, kwamba anayekosea husamehewa, lakini anayedanganya juu ya usalama wa watu hawezi kuwa kwenye timu. Kijiti akaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo Fundi Haivuji aliposimama. "Mwalimu, ni mimi niliyeigundisha. Mtoto hajui lolote."

Mtu mmoja akapiga makofi. Wengine wakamfuata. "Huyo ndiye baba!" sauti ikatoka nyuma. Mkuu wa shule akamshika bega. "Tunakuelewa, fundi. Mzazi ni mzazi. Lakini usimkingie, mwache ajifunze."

"Nakwambia ni gundi yangu. Ya mabomba."

"Wewe? Wewe ukosee?" mkuu wa shule alicheka. "Labda jua lichomoze magharibi."

Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kumpenda. Kila kofi alilopigiwa lilimwingia kama la shavuni. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi nayo ina kazi zake.

Njiani kurudi nyumbani mkewe alitangulia. Fundi alijikaza, akamuuliza binti yake, "Kwa nini ulisema vile, mama?"

"Ulikuwa umekaa na mkuu wa shule," Kijiti alijibu. Wakatembea. "Baba, mwalimu alipoeleza habari ya kofia, ulishajua?"

Uongo ulimjia mdomoni ukiwa tayari umevaa viatu. Akaumeza. "Nilijua."

"Sawa."

Hakulia, hakununa. Fundi angeshukuru kama angelia.

Siku ya shule iliyofuata alikwenda ofisini kwa mwalimu na kopo lake, akapaka gundi kwenye bomba la karatasi mbele yake, akamwacha avute mwenyewe mpaka akaamini. Mwalimu akamwomba Kijiti radhi mbele ya darasa, akampa kifurushi kipya ajaribu tena. Fundi alirudi nyumbani akidhani sasa atapumua.

Jioni Kijiti alimjia, mikono nyuma, na adabu zake zote.

"Baba, naomba niwe naenda kuiunda kwa shangazi. Kule kumetulia."

Kwa shangazi kulikuwa na mapacha waliojifunza kutembea juzijuzi, na redio isiyozimwa.

"Nenda, mama," alisema.

Akamfungulia mlango. Kijiti alipopita mbele yake alilihamishia boksi la roketi kwenye mkono wa pili, ule wa mbali naye, na baba yake akarudi nyuma kumpisha.