Alama Niliyoifuta kwa Msasa

Mimi sipendi kufundishwa kazi yangu. Kitako cha bunduki ni mbao kama mbao nyingine, na mbao nilianza kuziranda huko Mumias kabla Adan hajaota ndevu. Kwa hiyo alipoingia karakanani na mzigo uliofungwa kwa blanketi na kuanza, "Fundi Hesbon, bole bole na hii," nilimkatiza. Nikamwambia auweke mezani, arudi kwa ngamia wake.

Ilikuwa bunduki ya kuwindia, ya zamani, mali ya mzungu mmoja aliyefia Nanyuki. Babu yake Adan, mzee Yarow, ndiye aliyemwongoza mzungu huyo porini enzi zile uwindaji ulipokuwa bado halali. Ndiye aliyeibeba bunduki, akaisafisha, akalala nayo. Mzungu kazi yake ilikuwa kufyatua tu. Adan aliisaka miaka mitatu, akaipata kwa watoto wa marehemu, akainunua kwa bei ya ngamia wawili. Haiwezi kuua hata nzi: mtutu umezibwa, pini imetolewa, na barua yenye mihuri mitatu inasema hivyo. Hata hivyo alisimamishwa kila kizuizi hadi darajani Garissa, na kila askari alitaka kupigwa picha nayo.

"Ni ya hooyo," aliniambia. Mama yake, Dahabo, binti wa Yarow, haoni tena. "Ijumaa ataishika. Akisema ndiyo yenyewe, wallahi sitaki kitu ingine kwa dunia. Fanya fizuri."

Nikafanya vizuri, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Kutu niliisugua kwa mafuta ya taa mpaka chuma kikaonyesha uso. Ufa wa kitako niliuziba kwa gundi na kuukaza siku mbili. Kisha nikaona ubavuni kovu jeusi la moto, limepindapinda. Nikasema, huyu mzungu aliiegemeza jikoni. Nikalipiga msasa mkali, nikalipiga msasa laini, nikapaka mafuta ya kitani mara tatu. Kitako kikawa laini kama shavu la mtoto, nami nikajipongeza kwa sauti.

Alhamisi Adan alikuja. Akaigeuza bunduki, akaigeuza tena.

"Fundi, alama iko wapi?"

"Alama gani?"

"Alama ya ngamia! Ya babu! Ilikuwa hapa, ya moto!"

Nimeishi Garissa miaka kumi na miwili. Kila siku ngamia hupita mbele ya karakana yangu na alama hizo shingoni, kila ukoo na yake, na sikuwahi kuzitazama hata siku moja. Mtoto wa chekechea wa hapa angeijua. Mimi niliona uchafu. Adan hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi. Alikaa kwenye benchi, akashika kichwa.

"Hooyo anaijua kwa kidole," alisema. "Bila hiyo, ni ubao tu."

Picha za simu hazikutusaidia. Zote zilionyesha ubavu wa pili, na meno ya askari. Tukaenda soko la mifugo, Adan akanionyesha ngamia wa nyumbani kwao: mstari mmoja wima, ndoana juu. Nikachora kwenye karatasi huku ngamia mwenyewe akinitemea shati.

"Kwenye bunduki, juu ni wapi?" nikauliza.

Adan alifikiri sana. "Si mtutu ndiyo juu?"

Nikapasha nondo moto, nikachoma, ndoana ikielekea mtutuni. Nilitumia rula.

Ijumaa baada ya swala tulimkuta Mama Dahabo ameketi mkekani. Alipakata bunduki, akainusa, vidole vikatembea polepole hadi kwenye alama. Akatabasamu. Kisha tabasamu likakatika.

"Nani amechora hii?"

"Ni alama ya babu, hooyo," Adan akasema.

"Alama ni yake. Hii si yenyewe. Yenyewe ilikuwa kichwa chini."

Adan akanigeukia mimi.

"Mimi ndiye nilichoma," akaendelea. "Nilikuwa na miaka saba. Baba anabeba bunduki, analinda bunduki, analala na bunduki. Nikasema, kitu unakitunza hivyo ni mali yako. Lakini haina alama, mtu atachukua. Nikaiba chuma ya ngamia, nikachoma. Sikujua kuishika, ikatoka kichwa chini. Mzungu alicheka. Baba alinitandika. Halafu mzungu akahama, akaenda nayo. Miaka yote nilijua ilienda kwa sababu nilikosea alama."

Aibu ilinipanda hadi masikioni. "Mama, ni mimi niliyeifuta. Nilidhani ni uchafu. Nisamehe."

"Umekaa Garissa miaka ngapi?"

"Kumi na miwili."

"Na ngamia hujaona?"

Akacheka mpaka akakohoa, na Adan naye akacheka, msaliti mkubwa. Kisha mama akamgeukia.

"Wewe uliijuaje huko Nanyuki?"

"Kwa hiyo alama, hooyo. Kulikuwa na bunduki nne ukutani."

Mama Dahabo aliivuta bunduki kifuani. "Basi sikukosea," akasema. "Leta moto na chuma ya ngamia."

Adan alitaka kumwongoza, akasukumwa. "Mkono yangu haijasahau." Aliigeuza bunduki, akaupapasa ule ubavu wa pili, msafi, uliokunywa mafuta yangu mara tatu, akakandamiza chuma. Moshi ukapanda. Mstari ukatoka umepinda, ndoana chini, kama ya mtoto wa miaka saba. Mimi, ambaye siruhusu mtu aguse kazi yangu iliyokamilika, nilisimama pale nikilia waziwazi.

Alingoja mbao ipoe, akapitisha kidole.

"Sasa ni ya Yarow," akasema, akainua uso kama anayesikiliza mlangoni. "Na leo nani atanitandika?"