Pole Iliyokwama Kooni

Nyani wa Kang'ata, huko Handeni, walimjua Bibi Mwaija kwa sauti. Kwa miaka arobaini alilinda mahindi yake pembezoni mwa msitu, kwa kombeo, kwa debe la kugonga, na kwa matusi ya Kizigua ambayo wajukuu wake walikatazwa kuyarudia. Katika miaka yote hiyo hakuna nyani aliyemgusa hata kwa ukucha. Ilibidi apande basi mpaka Korogwe, alipe kiingilio shilingi elfu tatu, ndipo aumwe. Na aumwe wapi? Kwenye kalio la kulia.

Habari zilifika kijijini kabla yake. Alipokuwa bado anashonwa, watu wa Kang'ata walikwishaongeza kipande kwenye methali ya wahenga. "Nyani haoni kundule," walisemezana kisimani, "ila la Bibi Mwaija kaliona." Hata imamu, mtu asiyecheka ovyo, alipohadithiwa alianza kukohoa, akakohoa mpaka akatoka nje.

Mambo yenyewe yalianza vizuri tu. Kikundi cha akina mama kilichanga nauli kwenda kutembelea bustani ya wanyama ya Mzee Matayo, nje kidogo ya mji. Huyu Mzee Matayo baba yake alikuja enzi za manamba kukata mkonge, na yeye mwenyewe alizaliwa kambini huko Mnyuzi. Alipostaafu alinunua eneo, akaweka mbuni wawili, kobe wasio na idadi, mamba mmoja aliyelala sana hata wageni wakadhani ni wa saruji, na nyani dume mkubwa aliyeitwa Meneja. Kwenye kizimba cha Meneja palikuwa na kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu: HAIRUHUSIWI KUSOGEA HAPA BILA KIBALI CHA AFISA.

Bibi Mwaija anasoma, si kwamba hasomi. Alikisoma kibao chote, akageuka kwa mwanamume aliyekuwa hapo na ndoo ya maganda ya ndizi.

"Baba, naweza kusogea?"

"Sogea tu, bibi. Huyu nyani mpole."

Hilo neno ndilo lililomponza. Kule shambani asingempa nyani mgongo hata kwa kulipwa, lakini nyani akishatambulishwa kwako kuwa ni mpole, utamtilia shaka vipi mbele ya watu? Binti yake Zamda akasema, "Mama, geuka nikupige picha." Bibi akageuka, akaweka sawa mtandio, akatabasamu. Picha ilitoka. Tabasamu halikutoka.

Wavu wa kizimba ulikuwa na tundu la kupitisha mkono wa mtu, basi Meneja akapitisha wake, akavuta kanga, na kilichofuata kanga akakitia meno. Bibi Mwaija alipiga yowe ambalo, wanasema, lilimwamsha mamba.

Mzee Matayo alikuja mbio, kofia mkononi. Alipoona damu akashika kichwa, akafungua mdomo: "Po—"

Kabla hajamaliza, mpwa wake Godfrey akamkanyaga mguu. Godfrey alisomea sheria Dar es Salaam mwaka mmoja na nusu, kisha akarudi Korogwe kwa sababu anazozijua yeye na ofisi ya ada. "Anko, kausha," alimnong'oneza. "Ukisema hilo neno umekiri kosa."

Mzee Matayo akabaki na mdomo wazi na nusu ya neno ulimini. Watu wote wanamtazama. "Po… polisi!" akasema. "Mpelekeni polisi akachukue fomu!"

Bibi Mwaija alimsikia vizuri, na meno ya Meneja wakati ule hayakumuuma kama neno lile.

Maana pole ni kitu gani, hata mtu aibanie? Mtu akijikwaa njiani huambiwa pole na asiyemjua. Anayetoka shambani anaambiwa pole na kazi, anayeshuka kwenye basi anaambiwa pole na safari, mwenye mafua anaambiwa pole hata na yule anayemkimbia. Haina kodi wala stakabadhi. Siku ile Bibi Mwaija alipewa pole na askari aliyemjazia ile fomu, PF3, akapewa na dereva wa bajaji, akapewa na daktari aliyeandika "jeraha la meno, kalio la kulia" kwa mwandiko ambao safari hii, kwa bahati mbaya, ulisomeka. Nesi alimpa pole mbili, moja ya kidonda na moja ya sindano za kichaa cha mbwa.

"Mimi sikuumwa na mbwa," bibi alisema.

"Ndilo jina lake, bibi. Pole."

Kwa hiyo mji mzima wa Korogwe ulimpa pole, isipokuwa mwenye nyani.

Wiki ya pili Godfrey alifika Kang'ata kwa bodaboda, na bahasha. Ndani mlikuwa na fedha za matibabu zote, na nauli, na kitu kidogo juu yake, pamoja na karatasi ya kutia sahihi. Zamda alizihesabu kwa macho, akameza mate. Bibi Mwaija, aliyekuwa amelala kifudifudi kwenye jamvi, hakuziangalia.

"Mjomba wako kasemaje?"

"Kasema utie sahihi hapa, bibi."

"Baada ya kusema nitie sahihi, kasemaje?"

Godfrey akajikuna kichwa. Alikuwa hajatumwa neno lolote. Bibi akaisukuma bahasha kwa vidole viwili. "Rudi nayo. Pesa nitapokea, sikatai, kidonda kinataka dawa. Lakini itanguliwe na pole. Mimi sikung'atwa na benki."

Zamda alilia usiku kucha kwa ajili ya ile bahasha. "Mama, neno tu hilo! Kwani utalinunulia nini?"

"Nikifa leo," bibi alimjibu, "watakuja watu mia mbili kukupa pole, na hutazinunulia kitu. Asipokuja hata mmoja, utaniambia ni neno tu?" Zamda akaenda kuchemsha chai.

Ndipo Bibi Mwaija akapeleka malalamiko kwenye baraza la usuluhishi la kata ile yenye bustani. Siku ya kikao alipanda basi kutoka Handeni, akasimama njia nzima na viti vitupu vinamtazama. Kondakta alimsihi akae, kisha akamshuku, kisha akamwogopa. Barazani nako mwenyekiti, Mama Asnath, mwalimu mstaafu ambaye bado alishika kalamu kama anayetafuta kosa la kusahihisha, alimwonyesha kiti cha mbao.

"Karibu ukae, mama."

"Asante, nitasimama."

"Baraza linaruhusu kukaa."

"Baraza linaruhusu, mwenyekiti. Kalio ndilo linalokataa."

Wasikilizaji wakacheka, na Mama Asnath akagonga meza japo naye alikuwa ameinama kutafuta kitu chini ya meza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mzee Matayo peke yake hakucheka. Alikuwa amekonda. Kila bibi alipomtazama, alitazama kofia yake.

Godfrey akasimama. Alivaa koti zito, jasho linamtiririka, lakini maneno alikuwa nayo. Alisema kwamba palikuwa na kibao. Kibao kilisema wazi kwamba hairuhusiwi kusogea bila kibali cha afisa. Mlalamikaji ni msomaji, tena ni mtu aliyeishi na nyani miaka arobaini, naye akasogea kwa hiari yake na, mbaya zaidi, akageuka.

"Nilipewa kibali," alisema Bibi Mwaija.

"Na nani?"

"Na Afisa. Nilisikia wakimwita hivyo."

Godfrey alitabasamu, akaligeukia baraza akiwa ameinua mikono. "Waheshimiwa wajumbe, bustani ile haina afisa. Ina mjomba wangu, ina mimi, na kuna mtu mmoja wa kusafisha vizimba. Afisa gani huyo?"

"Mimi," ikatoka sauti nyuma kabisa.

Watu wote wakageuka. Alisimama yule mwanamume wa maganda ya ndizi, safari hii bila ndoo, mnyonge kama kuku aliyenyeshewa. Mama Asnath akamwita mbele, akaomba kitambulisho cha taifa, akavaa miwani na kusoma kwa sauti: "Afisa Isaka Habakuki."

"Ndiyo, mwalimu. Mwenyekiti."

"Hili ni jina lako au ni cheo?"

"Jina. Marehemu baba alitamani niwe afisa. Akaona asisubiri."

Baraza lilivunjika mbavu. Mzee mmoja wa wajumbe alifuta machozi kwa karatasi ya kumbukumbu za kikao. Afisa akaendelea, kwa kuwa alikuwa amekwishaanza na haikuwa na maana kuacha: "Na mimi kibao kilipoandikwa niliuliza. Nikasema, bosi, hapa mmeniandika mimi, kila mgeni ataniuliza mimi. Godfrey akasema nisimsumbue, nikachote maji. Basi wageni wakawa wananiuliza, nami nawajibu. Bibi aliniuliza kwa heshima, nikamruhusu."

"Na ukamwambia nyani ni mpole," alisema Mama Asnath.

"Kwangu ni mpole, mwenyekiti. Mimi ndiye ninayemletea ndizi."

"Angalau nyani alisemwa kuwa mpole," Bibi Mwaija akadakia. "Mwenye nyani hana hata pole."

Kicheko kikakatika ghafla. Mzee Matayo aliinua uso, akafungua mdomo, Godfrey akamwekea mkono begani akamrudisha chini. Bibi aliona yote, na kwa mara ya kwanza alimwonea huruma. Aliona mtu aliyebanwa na neno kama anavyobanwa mtu na mwiba wa samaki, na mwenye kibano ndiye anayemzuia kukohoa. Lakini huruma si pole, na yeye hakuwa amepanda basi la Handeni wima ili akatoe huruma kwa watu.

Godfrey alijaribu njia nyingine. Hata kama kibali kilitolewa, alisema, kilikuwa cha kusogea, si cha kusogea mpaka wavuni. Akamwomba mlalamikaji alionyeshe baraza alisimama umbali gani. Kiti kile cha mbao kikawekwa kiwe kizimba.

"Nilikuwa hapa," alisema Bibi Mwaija, amekipa mgongo. "Zamda akaniambia nirudi nyuma kidogo, nyani hajaingia kwenye picha. Nikarudi hivi." Akarudi hatua moja. "Akasema bado kidogo. Nikarudi hivi."

Kisigino chake kikanasa kwenye mguu wa kiti. Mikono ikapaa, mtandio ukapaa, na Bibi Mwaija, aliyekuwa hajakaa tangu ile siku ya picha, akakaa kwa uzito wake wote, upande wa kulia.

Yowe alilopiga lilikuwa lilelile.

Mzee Matayo alikuwa amefika kwake kabla yowe halijaisha. Aliangusha kofia, akampita Godfrey kama mlango ulioachwa wazi, akapiga goti sakafuni na kumshika bibi mikono yote miwili. "Pole! Pole mama! Pole, pole sana, jamani pole!"

"Anko!" Godfrey alipiga kelele. "Anko, hapana! Mwenyekiti, lisiandikwe hilo!"

"Liandikwe!" Mzee Matayo alimgeukia, na machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi mbele ya baraza zima. "Liandikwe kwa wino mwekundu kama ule wa kibao chako! Mama yangu naye alikuwa mkata mkonge. Angekuwa hai asikie mwanamke kachanika kwenye banda langu nami nimenyamaza, angenitandika fimbo, mzee mzima na mvi zangu. Tangu siku ile chakula hakinishuki." Akamrudia bibi, sauti imemshuka. "Mama, pole ya sasa hivi. Na pole ya siku ile. Nyani ni wangu na tundu la wavu ni langu. Nisamehe."

Mama Asnath alivua miwani. Katibu hakujua aandike nini, akaandika "pole" mara saba na kuweka nukta.

Bibi Mwaija alimwangalia yule mzee aliyepiga goti. Alikuwa amejiandalia maneno makali njia nzima kutoka Handeni, mengine ya Kizigua, mazuri mno, na sasa hakuliona hata moja. Alijisikia mwepesi, kama aliyetua mzigo wa kuni. Akamgusa begani, akamjibu kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa vizuri:

"Asante, baba. Nimeshapoa."

Godfrey akaruka. "Mmesikia, waheshimiwa? Mlalamikaji mwenyewe amekiri mbele yenu kwamba amepoa! Hakuna jeraha, hakuna fidia. Katibu, andika, amepoa!"

Bibi Mwaija alishika meza, akajiinua polepole, akapanga kanga yake, na mkono mmoja ukabaki nyuma ukisugua.

"Uliopoa ni moyo, mwanangu," alisema. "Huku bado. Ile bahasha uliyokuja nayo Kang'ata, umeiweka wapi?"